Baiskeli ya mtoto nje ya mlango: pa kuiweka nyumba ikiwa finyu

Baiskeli ya mwanangu ililetwa siku ya pili ya Idi, usukani bado umevishwa nailoni, na kwa wiki mbili ililala ndani baina ya kitanda na kabati. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uwani nyuma. Sisi tuna vyumba viwili. Siku ya kumi na tano nikachoka kuiruka, nikaitoa ukumbini. Usiku huohuo stima zikapotea, na bi mkubwa wa chumba cha tatu akatoka kwenda msalani bila tochi. Pedeli ikamchuna muundi. Asubuhi alinionyesha mguu. "Mwanangu, mtoto na acheze, lakini mimi nisivunjwe." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia haya zaidi.

Tangu hapo nimeihamisha mara nne. Kwanza nilidhani adui ni mwizi. Kumbe mwizi ni wa tatu. Wa kwanza ni miguu ya watu mnaokaa nao, wa pili ni chumvi ya hewa ya Mombasa, ambayo haitaki ngazi wala kisu. Na kuna sharti moja nililichelewa kulijua: mahali ambapo mtoto hawezi kuitoa na kuirudisha peke yake si mahali. Utaiweka wewe kwa siku tatu, ya nne itakuwa imelala mlangoni.

Kwanza, pima

Chukua utepe wa fundi cherehani, au ule wa chuma. Yetu ni ya magurudumu ya inchi 16: urefu sentimita 115, kutoka sakafuni hadi usukani 78, upana wa usukani 52. Ukiitazama kwa juu utaona kwamba baiskeli ni kitu chembamba kama sahani, ila imetoa masikio mawili: usukani na pedeli. Masikio hayo ndiyo yanayokula nafasi na ndiyo yanayoumiza watu. Pedeli ya upande wa njia izungushe iwe chini kabisa, na usukani ugeuze gurudumu la mbele lielekee ukutani. Kwa hilo tu utapata nafasi ya mtu kupita bila kujibana. Vile vigurudumu vya pembeni vya kujifunzia, mtoto akishajua kuendesha, vifungue mara moja, usiviache kwa huruma.

Fundi anaweza kuulegeza usukani ukageuka kuwa sambamba na fremu. Kwa baiskeli itakayolala miezi miwili mkisafiri, sawa. Kwa ya kila siku, la. Siku moja mtu atausahau kuukaza, na mtoto atageuza usukani huku gurudumu likienda kwake.

Kisha pima njia. Wengine watakwambia uache futi tatu. Kipimo changu ni kingine: je, jeneza litapita? Katika nyumba za ukumbi mmoja na vichochoro vya Mji wa Kale, Majengo au Bondeni, kila kitu huingia na kutoka kwa njia hiyohiyo: mtungi wa gesi begani, madebe ya maji, kitanda cha bibi arusi, na siku nyingine maiti. Mtu akifa usiku hakuna atakayekuwa na subira ya kutafuta ufunguo wa kufuli lako. Moto ukizuka ni vivyo hivyo. Basi usiiweke mguuni pa ngazi, wala chini ya mita ya stima, wala nyuma ya mlango unaofungukia ndani.

Chagua mahali

Baraza la mbele linavutia kwa sababu lina paa na liko karibu. Mimi silipendi. Mchana kila apitaye anaiona baiskeli, na jioni baraza lina wenyewe. Wazee wakitoka msikitini wakute tairi mahali pao pa kukaa, hawatasema kitu, ila utasikia wanavyokohoa. Kama baraza ndilo pekee ulilonalo, iwe kwenye pembe ya nyuma, na alasiri iwe barabarani na mtoto wake.

Ukumbi nimeshausema.

Uwani ndiko kuzuri, ukipata ukuta usiotumika. Shida ya uwani ni maji: huko ndiko watu wanakofua, wanakoosha vyombo, na wakati mwingine wanakokogea watoto. Kaa siku moja uangalie maji yanapita wapi, kwa sababu mtaro wa kweli si ule uliojengwa, ni njia ambayo povu hupita. Angalia pia kamba za nguo, maana shuka linalotiririka juu ya mnyororo ni sawa na mvua ndogo kila siku, na mwenye shuka naye hatafurahi akilikuta na grisi.

Wenzetu wa ghorofani, Kisauni, Bamburi, Tudor na kwingineko, wana roshani au nafasi ya chini ya ngazi. Roshani ni salama, ila yenye kutazama bahari hupata chumvi maradufu. Chini ya ngazi za ploti muulize kwanza mwenye nyumba au askari wa lango, maana akina mama wawili watakuwa wameshapaweka ndoo zao kabla yako. Juu ya paa la zege usijaribu. Jua la Januari litaupasua mpira wa tairi na vishikio vitanata mikononi kama gundi.

Kabla ya kugonga msumari wowote, sema na watu wa nyumba. Mimi nilikwenda kwa bi mkubwa kwanza, na sahani ya mahamri, nikamwambia nataka ukuta wa uwani ulio kando ya birika la kuhifadhia maji. Alikubali, ila kwa sharti kwamba Alhamisi, siku yake ya kufua, baiskeli isiwepo hapo. Sharti dogo hilo. Lingekuja baadaye kama ugomvi, lingekuwa kubwa.

Iinue kutoka chini

Tairi lisikae majini, na baiskeli isitegemee stendi yake. Stendi za baiskeli za watoto ni nyembamba. Paka wawili wakikimbizana, imeanguka.

Nilijaribu njia tatu.

Ya kwanza ni kulabu ya ukutani, baiskeli ikaning'inia kwa gurudumu la mbele. Inaonekana nadhifu sana. Lakini fanya hesabu: urefu wa baiskeli 115, na nyuma iachie sentimita 20 kutoka sakafuni, basi kulabu inakuwa mita moja na robo na zaidi. Mwanangu ana miaka sita, kimo chake hakifiki hapo, na baiskeli ina karibu kilo tisa. Maana yake kila jioni mimi ndiye nilikuwa kuli wa bandari.

Ya pili ni kapi. Wazo nililipata kwa kutazama wavuvi wakipandisha tanga: kamba, kapi mbili juu kwenye boriti, kulabu mbili, moja ya kiti na nyingine ya usukani, kisha unavuta. Kwa nafasi hakuna linaloishinda njia hii, kwa sababu juu ya vichwa vya watu hakuna mpangaji. Lakini mtu mzima ndiye wa kuvuta, na kamba ifungwe mahali ambapo mtoto hafiki, la sivyo ataifungua akiwa amesimama chini yake. Boriti za mikoko za nyumba kuukuu zidungue kwanza kwa msumari. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemka, mchwa wameshatangulia. Sasa kapi ninaitumia kwa ile ndogo ya inchi 12 inayomsubiri mdogo wake, na kwa hiyo naisifu.

Ya tatu, ambayo ndiyo iliyobaki, ni paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo. Mji wa bandari hauna uhaba wa paleti. Waulize wenye magodauni na maduka ya jumla, wengi huziona kama takataka. Tafuta yenye mbao ngumu, isiyonuka dawa wala mafuta. Ng'oa au pigilia ndani kila msumari uliochomoza, piga msasa kwenye kingo, kisha fanya hivi:

1. Ilaze chini ukutani, juu ya vipande vinne vya tofali, ili maji yapite chini yake.
2. Simamisha baiskeli juu yake na uweke alama pale gurudumu la nyuma linapogusa. Ng'oa ubao mmoja au utanue mwanya, tairi lizame kidogo. Mwanya uwe mpana kuliko tairi kwa upana wa kidole kimoja. Ukibana zaidi, mtoto hatalitoa.
3. Pigilia vipande viwili vya mbao vya kimo cha sentimita 30, kimoja kila upande wa gurudumu, viishike isilale.
4. Funga paleti kwenye ukuta kwa vibano viwili, ili isitembee.

Mtoto anarudi nyuma na baiskeli, gurudumu linaingia shimoni, basi. Mwanangu alijifunza kwa siku moja. Kama una fundi wa kuchomelea karibu, atakufanyia kitu hichohicho kwa chuma, nacho kitadumu ukikipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo. Mafundi wengi huiruka rangi hiyo ya kwanza. Simama hapo hadi uione kwa macho.

Ukuta wa matumbawe

Kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe. Jiwe lenyewe ni la vitundu, na katika nyumba za zamani limeshikanishwa kwa chokaa, si saruji. Msumari ukigongwa hapo unatoka na bonge la ukuta. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole: panapolia kama mtungi mtupu, plasta imeachana na jiwe, ondoka hapo. Toboa kwa mashine, polepole, ndani ya jiwe na si kwenye kiungo, tia plagi ya milimita 10 na skrubu isiyopungua sentimita 8. Skrubu iwe ya chuma kisichopata kutu, au angalau iliyopakwa zinki. Hili si la urembo: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo skrubu ya kawaida huvimba ndani ya ukuta na kuupasua.

Ukiwa Mji wa Kale, uso wa nyumba wa upande wa njia usiuguse ovyo. Eneo lile linahifadhiwa, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi ya uhifadhi hapo hapo mjini, waulize kwanza. Uwani kwako mara nyingi ni baina yako na mwenye nyumba.

Kuifunika, na kosa la turubai

Nilinunua turubai zito la buluu, nikaizungushia baiskeli na kuifunga kwa kamba hadi chini kama mzigo wa meli. Baada ya mwezi mmoja wa masika nikaifungua. Mnyororo ulikuwa mwekundu kuliko wa jirani ambaye hakufunika chochote. Unyevu ulioingia haukuwa na pa kutokea. Usiku ulipoa ukawa matone, mchana ukachemka, na mchezo ukaendelea hivyo.

Kifuniko kiwe kama mwavuli, kisiwe kama gunia. Kifunike juu na upande unakotoka upepo, chini kibaki wazi sentimita 30. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mvua huingia kutoka kusini. Kaskazi ikiingia kuanzia Desemba, upepo unageuka. Kwa hiyo kifuniko changu kina vitanzi pande zote mbili, nahamisha kamba mara mbili kwa mwaka. Kipande cha bati kilichoinamishwa juu ya paleti ni bora kuliko turubai, ukikubali kelele zake wakati wa mvua, na kingo zake uzikunje, maana zinakata.

Usiache turubai lifanye bonde. Maji yakituama wiki moja, una mbu. Mombasa tumeshapata mlipuko wa dengi, ule wa 2017 na mingine kabla yake, na mbu wake hupenda maji safi yaliyotulia karibu na nyumba: kopo, tairi kuukuu, mkunjo wa turubai. Kung'uta kila baada ya mvua. Na kunguru, wale wenye shingo ya kijivu, watakivuruga kiti cha sponji kama kimeanza kupasuka; kivishe mfuko wa kitambaa.

Chumvi

Hata pasiponyesha, chumvi iliyotua juu ya chuma hunyonya unyevu wa hewa na kukiweka chuma katika majimaji usiku kucha. Ndiyo maana baiskeli ya Mombasa huoza ikiwa kavu machoni. Dawa ni kuipangusa, mara moja kwa wiki, kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kidogo, kisha kikavu. Nasema maji matamu kwa makusudi. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Ukiiosha kwayo umeongeza ulichotaka kuondoa. Maji ya mfereji yakikosekana, kikombe kimoja cha maji ya kununua kinatosha kabisa. Baiskeli iliyopelekwa ufuoni ipanguswe jioni hiyohiyo, na mchanga wa kwenye mnyororo usuguliwe kwa mswaki wa meno uliostaafu.

Mafuta: matone ya mafuta ya cherehani kwenye mnyororo, zungusha pedeli kinyumenyume, kisha futa ya ziada. Mafuta ya nazi na ya kupikia yaache jikoni. Mengi yake hugeuka yakanata, na vumbi lote la uwani likahamia hapo. Nati, spoki na sehemu zinazong'aa zipake vaselini nyepesi. Rimu na raba za breki usiziguse kwa mafuta ya aina yoyote, mtoto hatasimama.

Lililonigharimu ni nguzo ya kiti. Mtoto hukua, kiti kinahitaji kupandishwa, na nguzo ikikaa mwaka mzima bila kuguswa hushikana na fremu kwa kutu. Fundi alitumia nyundo, mafuta na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kila miezi mitatu ilegeze, itoe, ipake grisi, irudishe. Tairi nazo zijae upepo hata kama baiskeli haitumiki. Tairi lililolala bapa hupasuka ubavuni. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye tairi lenyewe.

Kuifunga

Baiskeli ya mtoto ni nyepesi, mwizi hahitaji kuipanda, anaibeba kwapani. Kwa hiyo kufuli zuri kwenye gurudumu pekee ni pambo. Pitisha mnyororo ndani ya pembe tatu ya fremu na gurudumu la nyuma, kisha kwenye kitu kisichong'oka: grili ya dirisha, au pete ya chuma iliyozamishwa ukutani kwa saruji. Paleti haihesabiki. Itikise grili kabla ya kuiamini. Zilizoliwa na kutu huachia kwa kuvutwa na mkono. Vyuma chakavu vina soko, hata serikali iliwahi kuipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa mwaka 2022, na baiskeli mbovu hubebwa kwa kilo sawa na nzima.

Mnyororo uvishe tyubu kuukuu ya baiskeli. Hautachuna rangi na hautashika kutu upesi. Kufuli la shaba huvumilia chumvi kuliko la chuma. Tundu la ufunguo litazame chini. Zile za namba ni nzuri kwa mtoto maana hakuna ufunguo wa kupotea, ila pete zake huganda. Zizungushe zote kila wiki na tone moja la mafuta. Piga picha ya baiskeli, na ya namba iliyogongwa chini ya fremu karibu na pedeli. Kama haina namba, chora alama yako chini ya kiti.

Mwenye baiskeli

Mfundishe mtoto kwa mpangilio mmoja, kila siku uleule: shuka mlangoni, isukume ukumbini kwa mkono bila kuipanda, rudi nyuma hadi gurudumu liingie shimoni, pedeli chini, kifuniko, kufuli. Kwetu mwisho wake ni adhana ya magharibi. Ikilia, baiskeli iko uwani. Alhamisi inakaa chumbani kwetu, baina ya kitanda na kabati, na siku hiyo hatulalamiki.

Ya inchi 20 ikija itahitaji sentimita 25 hivi zaidi. Nimeshaziacha upande wa birika, na bi mkubwa ameweka ndoo yake hapo kwa muda.